Gesi haipimwi kwa mkono: kuchagua mchanganyiko wa gesi kwa mashine ndogo za baridi kali

*Mazungumzo haya yalitolewa na mfanyakazi wetu wa uwanjani mbele ya wanachama, vijana wa atelie na wafadhili, hapa Likasi. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tumepunguza tu marudio.*



Prezida alinipa nusu saa, akaniambia: "Usituletee masomo ya universite, tuletee neno la kutusaidia kupiga kura." Nitajaribu. Kura ni hii: zile dola za msaada pamoja na zile za likelemba yetu, atelie ya frigo inunue nini kwanza? Wengi wenu mmesema gesi. Mimi nimekuja kusema gesi iwe ya mwisho. Ili mnielewe, lazima nianze na simu moja.

Mashine ndogo

Mwezi uliopita, jioni, kijana mmoja wa atelie alinipigia. "Yaya, kuko mashine hapa, kadogo sana, lakini banasema inaleta baridi ya kupita konjelatere yote. Gazi yake imeisha. Tutie gazi gani? Mwenyewe iko tayari kulipa muzuri."

Nilienda kuiona. Ni sanduku la kubebwa na mtu mmoja. Ndani mna kompresa kama ya frigo ya nyumbani, halafu bomba mbili ndefu zinazokwenda kwenye kichwa kidogo kama kikombe. Kazi yake ni kupoza kipande cha germaniamu kinachopima mionzi ya mawe. Kipande hicho hakifanyi kazi vizuri mpaka kifike karibu nyuzi 180 chini ya sifuri. Zamani walikuwa wanakipoza kwa nitrojeni ya maji, ambayo inabidi kuijaza tena na tena. Siku hizi kuna mashine ndogo za umeme zinazofanya kazi hiyo kwa mchanganyiko wa gesi.

Hapa Likasi hatuhitaji kuuliza kipimo hicho ni cha nini. Shinkolobwe iko karibu. Uraniamu iliyotoka pale ndiyo iliyoingia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Machimbo yalifungwa kwa amri ya serikali mwaka 2004, lakini kila mmoja hapa anajua kijana aliyewahi kubeba mfuko wa mawe bila kujua ndani mna nini. Kwa hiyo kile chombo kinatuhusu. Na germaniamu yenyewe si mgeni: madini ya Kipushi yanayo, na mwaka 2024 STL, kampuni tanzu ya Gécamines kule Lubumbashi, ilianza kusafirisha germaniamu inayotolewa katika mlima wa mabaki wa zamani. Udongo wa Katanga unakwenda Bulaya, halafu unaweza kurudi ukiwa ndani ya chombo cha kutuambia mawe yetu yana sumu gani.

Basi swali la kijana lilikuwa swali zuri. Tutie gesi gani? Nitalijibu kwa kupanda ngazi tatu: frigo ya jikoni, friza ya chanjo, halafu ile mashine ndogo.

Ngazi ya kwanza: frigo ya jikoni

Frigo haitengenezi baridi. Inabeba joto kutoka ndani na kulitupa nje, na anayebeba ni gesi. Kompresa inaibana, gesi inapata joto, inapoa kwenye bomba za nyuma na kuwa maji. Maji hayo yanapita kwenye kapilari, ile bomba nyembamba kama uzi wa waya. Upande wa pili kanieneo linashuka ghafula, na maji yale yanachemka. Kuchemka kunahitaji joto, na joto hilo linatolewa kwenye chakula chenu.

Jambo la kanieneo mnalijua. Likasi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na maji ya bukari hapa yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa sababu hewa ya juu inakandamiza kidogo. Kapilari inafanya vilevile kwa gesi: inapunguza mkandamizo ili gesi ichemke mapema.

Kila gesi ina nyuzi zake za kuchemka. Shikeni namba hizi, maana hotuba yote imejengwa juu yake. Isobuteni, ile yenye alama ya R600a, inachemka kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri. R134a inachemka kwenye 26 chini ya sifuri. Propani, 42 chini. Itheni, 89 chini. Metheni, 161 chini. Nitrojeni, 196 chini. Mnaona, ni ngazi yenye hatua.

Frigo ya jikoni inataka nyuzi 4 tu juu ya sifuri, na sehemu ya barafu kama 18 chini. Gesi moja inatosha. Lakini historia yake ilianza na mchanganyiko. Zamani frigo nyingi zilitumia R12, ambayo iligundulika kwamba inaharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaanza kuiondoa. Mwaka 1992, kule Dortmund, Ujerumani, wataalamu wawili walijaza frigo kwa mchanganyiko wa propani na isobuteni. Kwa nini mchanganyiko? Kwa sababu propani peke yake ina kanieneo kubwa kuliko R12, isobuteni peke yake ina kanieneo dogo, na ukizichanganya karibu nusu kwa nusu unapata gesi inayofanana na ile ambayo kompresa ilizoea. Mwaka uliofuata, kwa msukumo wa Greenpeace, kiwanda kimoja cha Ujerumani kilianza kuziuza.

Baadaye viwanda vilitengeneza kompresa za isobuteni peke yake, na mchanganyiko ukaachwa katika frigo nyingi za nyumbani. Sababu ni rahisi: gesi moja haibadiliki ikivuja. Hilo nitalirudia.

Frigo nyingi mpya zinazoingia hapa zimeandikwa R600a nyuma. Za katikati zimeandikwa R134a, ambayo haigusi ozoni lakini inapasha dunia joto mara zaidi ya 1,000 kuliko kaboni dioksidi yenye uzito uleule. Ndiyo maana mataifa yalikutana Kigali, jirani zetu, mwaka 2016, wakakubaliana kuipunguza. Fundi anayejifunza leo, frigo atakazozikuta miaka ijayo zitakuwa za gesi zinazowaka.

Kosa langu mwenyewe

Sasa niseme jambo ambalo si tamu. Wakati atelie inaanza, kituo kimoja cha afya kilileta frigo yake ya chanjo. Ilikuwa imepoteza baridi. Hatukuwa na mizani wala pampu ya kuvuta hewa. Fundi wetu alisema anajua kujaza kwa kusikiliza bomba na mkono: "Ikishika baridi mpaka hapa, basi imetosha." Gesi aliyokuwa nayo ilitoka katika chupa ya gesi ya kupikia. Mimi ndiye niliyesema fanyeni, kwa sababu nilitaka ripoti ya mwezi iwe na kazi iliyokamilika.

Ilishika baridi. Ilishika kupita kiasi. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 juu ya sifuri. Chupa zilizokuwa karibu na sahani ya baridi ziliganda. Chanjo ya surua haiharibiki ikiganda, lakini ya tetanasi na ile ya homa ya ini aina ya B zikiganda zimekufa, hata zikiyeyuka zikaonekana nzuri. Muuguzi alizitikisa, akaona zinatuama kama unga chini ya chupa. Zikatupwa. Bamama waliokuwa wametembea na watoto tangu asubuhi wakarudishwa nyumbani.

Fundi hakuwa mjinga. Alikosa vyombo, na mimi nilikosa subira. Lakini tuangalie kosa lenyewe, maana ni somo zima la mchanganyiko.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na buteni. Kiasi cha kila moja kinategemea aliyejaza. Tena, bamama wanaojua kupika lutuku wataelewa haraka: ukichemsha, kinachotoka kwanza ni kile chepesi, ndiyo maana lutuku ya kwanza ni kali na ya mwisho ni maji. Chupa ya gesi ni hivyohivyo. Ukichukua mvuke wa juu wa chupa iliyojaa, unapata propani nyingi. Ukichukua chupa ikikaribia kwisha, unapata buteni nyingi. Kwa hiyo mafundi wawili wenye chupa ileile, siku mbili tofauti, wanatia gesi mbili tofauti. Juu ya hapo imetiwa harufu ya salfa ili mtu ajue inavuja, na inaweza kuwa na unyevu. Unyevu ukifika kwenye kapilari unakuwa barafu na kuziba njia.

Halafu kiasi. Frigo ya nyumbani ya R600a mara nyingi ina gramu 30 mpaka 80 tu. Kama inataka gramu 50 na wewe umekosea kwa gramu 10, umekosea moja ya tano. Mkono hauwezi kusikia gramu 10.

Na hatari ya moto. Gramu 60 zikivuja katika chumba kipana chenye hewa, haziwezi kuwaka, zimesambaa mno. Lakini gesi hizi ni nzito kuliko hewa, zinalala chini. Gramu 10 tu zikivuja ndani ya kabati ya frigo ya lita 200 iliyofungwa, zinatosha kuwaka, na thermostati ya frigo ya zamani inatoa cheche ndani ya kabati hiyohiyo. Ndiyo maana frigo iliyotengenezwa kwa R134a haigeuzwi hivihivi kuwa ya gesi inayowaka. Kiwanda kinachotengeneza frigo ya R600a kinahamisha cheche zote mahali pasipo na gesi.

Kuna hatari nyingine ambayo vijana hawaijui. Mwaka 2011, watu watatu walikufa huko Vietnam na Brazil wakati kompresa za makontena ya baridi zilipolipuka. Chupa zilikuwa zimeandikwa R134a, kumbe ndani mlikuwa na kloridi ya methili. Wadanganyifu waliichagua kwa sababu inachemka kwenye nyuzi 24 chini ya sifuri, karibu sawa na R134a, kwa hiyo manometa haionyeshi tofauti kubwa. Lakini ikikutana na aluminiamu inazaa kitu kinachowaka chenyewe kikigusa hewa. Mnaona sasa: kununua chupa ya bei ndogo sokoni, bila karatasi, siyo kuweka akiba.

Ngazi ya pili: nyuzi 70 chini ya sifuri

Mnakumbuka Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Chanjo ile ilitakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Iliwafikia watu wa vijijini ndani ya mitungi iitwayo Arktek, isiyotumia umeme, ambayo inashika baridi siku kadhaa kwa vipande vilivyogandishwa kabla. Lakini vipande vile viligandishwa wapi? Kwenye friza za baridi kali mjini. Hapo ndipo gesi inarudi.

Kwa nini usitie itheni kwenye frigo ya kawaida? Inachemka kwenye 89 chini, ingetosha kabisa. Jibu ni joto letu la mwezi wa kumi. Itheni haiwezi kuwa maji ikiwa na joto la kupita nyuzi 32, hata uikandamize namna gani. Bomba za nyuma ya frigo siku zote zina joto kuliko chumba. Kwa hiyo Likasi, Oktoba, saa nane mchana, kompresa itazunguka bure mpaka iungue.

Suluhu ni frigo mbili zinazopeana mkono. Ya kwanza ina propani, inafika kama nyuzi 30 au 40 chini. Sahani yake ya baridi haipozi chakula, inapoza bomba za frigo ya pili yenye itheni. Itheni ikipozwa hivyo inakubali kuwa maji, na ikichemka inashuka mpaka nyuzi 80 chini. Friza nyingi mpya za maabara ziko hivi, propani na itheni, kila moja katika bomba zake. Ni kama bamama wawili wanaopandisha ndoo: mmoja anaitoa kisimani, mwingine anaipokea juu.

Ngazi ya tatu: mashine ndogo

Sasa tunataka nyuzi 180 chini, na sanduku ni dogo, halina nafasi ya kompresa nne. Tufanyeje?

Njia ya zamani ni nitrojeni peke yake. James Joule na William Thomson walionyesha tangu miaka ya 1850 kwamba gesi nyingi zikipita penye tundu dogo na kupoteza kanieneo, zinapoa. Lakini nitrojeni yenye joto la chumba inapoa kidogo mno. Inahitaji kanieneo la zaidi ya bar 100. Kompresa ya frigo haifiki hata robo.

Mwaka 1959, katika mkutano wa wataalamu wa baridi kule Copenhagen, mtu anayeitwa Kleemenko alieleza njia nyingine: tia gesi zote katika bomba moja, kompresa moja. Zile nzito zitakuwa maji kwanza, zitachemka na kupoza zile nyepesi. Hizo nazo zitakuwa maji na kupoza nyepesi zaidi. Mpaka mwisho kabisa. Ni ile habari ya bamama wawili wa ndoo, lakini sasa wako watano ndani ya kisima kimoja. Katika miaka ya 1970 wanasayansi wa Kisovieti walionyesha kwamba mchanganyiko wa nitrojeni na metheni, itheni na propani unaweza kufika karibu na baridi ya nitrojeni ya maji kwa kanieneo la makumi machache ya bar. Kwa hiyo kompresa ya kawaida inatosha. Mashine iliyoletwa atelie ni mjukuu wa wazo hilo.

Basi unachagua vipi? Sitawapa resepti, kwa sababu hakuna resepti moja. Kiasi cha kila gesi kinahesabiwa kwa kompyuta kufuatana na baridi inayotakiwa, kanieneo la kompresa na urefu wa kibadilisha joto, halafu kinajaribiwa. Lakini maswali ni matano, na fundi yeyote anaweza kuyashika.

La kwanza: je, ngazi ina hatua zote? Isobuteni, propani, itheni, metheni, nitrojeni: kila moja inaipokea nyingine. Ukiondoa itheni, kuna shimo kati ya propani na metheni, na baridi inakwama palepale.

La pili: je, kuna kitakachoganda? Gesi ikigeuka barafu inaziba kapilari. Isobuteni peke yake inaganda kwenye 160 chini, buteni ya kawaida kwenye 138 chini. Zikiwa ndani ya mchanganyiko zinavumilia zaidi, kwa sababu zinayeyuka ndani ya zenzake kama chumvi inavyozuia maji kuganda, lakini kwa kiasi kidogo tu. Kwa hiyo ile buteni iliyomo ndani ya gesi ya kupikia, ambayo katika frigo ingeleta shida ndogo, hapa inaweza kusimamisha mashine yote. Tone la unyevu au mafuta ya kompresa linafanya vilevile. Ndiyo maana mashine hizi zina kichujio cha mafuta, na zinavutwa hewa muda mrefu kabla ya kujazwa.

La tatu: je, kompresa itabeba? Kanieneo, joto, na mafuta yake kukubaliana na gesi.

La nne: ikivuja, itamdhuru nani? Propani na metheni zinawaka. Kuna gesi zisizowaka zinazoweza kushika nafasi zao, kama R14 inayochemka kwenye 128 chini, R23 inayochemka kwenye 82 chini, na argoni badala ya nitrojeni. Maabara nyingi zinapenda hizo. Lakini R23 inapasha dunia joto mara zaidi ya 10,000 kuliko kaboni dioksidi, na R14 mara maelfu, kwa hiyo hairuhusiwi kuziachia hewani hivihivi. Usalama wa chumba na usalama wa dunia vinavutana, na anayechagua lazima aseme wazi amechagua kipi na kwa nini.

La tano: ikivuja, nani ataitengeneza? Hapa ndipo lutuku inarudi. Mchanganyiko ukivuja, mara nyingi nyepesi zinatoka zaidi, nzito zinabaki. Kilichomo ndani sasa siyo kile kilichoandikwa. Huwezi kuongeza juu yake, kwa sababu hujui unaongeza juu ya nini. Lazima utoe yote, uvute hewa, halafu uanze tena, gesi moja baada ya nyingine, kila moja kwa gramu zake, kwa mizani.

Jibu nililompa kijana

Mashine ile ilikuwa imevuja. Kibandiko cha mchanganyiko kilikuwa kimefutika. Hatukujua kama ilikuwa ya gesi zinazowaka au zisizowaka. Swali la tano peke yake lilitosha. Nilimwambia: "Mrudishie mwenyewe, mwambie aitume kwa waliotengeneza. Mwambie ukweli kwamba hatuna vyombo."

Alikasirika kidogo. Alisema: "Yaya, franka ilikuwa mingi." Ni kweli. Wengi wetu hapa tulirudi mikono mitupu, wengine kutoka makambi ya Zambia, na kumwambia mtu aliyeanza upya kwamba akatae kazi ni neno zito. Lakini tungetia gesi ya kukisia, mashine ingeweza kuwaka, au kushika baridi nusu. Kipimo kisichopoa vizuri kinaweza kudanganya. Mtu angeambiwa mawe yake ni safi, kumbe si safi. Mimi nilishaona chanjo zikitupwa kwa sababu ya kukisia. Sikutaka kuona na hilo.

Tunachoomba

Naomba basi, Prezida, wanachama wapige kura juu ya mambo haya.

Moja, fedha zinunue kwanza mizani ya umeme yenye kusoma gramu moja. Pampu ya kuvuta hewa na kipimo chake. Chupa ya nitrojeni kavu yenye regulata, kwa kutafuta mahali panapovuja kabla ya kulehemu. Kipima gesi zinazowaka. Na vizima moto viwili. Gesi zinunuliwe baadaye, kwa muuzaji mwenye karatasi, siyo kwa chupa za barabarani.

Mbili, frigo ijazwe gesi iliyoandikwa nyuma yake, kwa gramu zilizoandikwa. Gesi ya kupikia isiingie tena atelie isipokuwa kwa kupikia chai.

Tatu, frigo za chanjo zikae siku mbili kwetu zikiwa na kipimo cha joto ndani, chenye kuandika kila saa, kabla hazijarudi kituoni.

Nne, kazi ya mchanganyiko tuikatae kwa sasa. Lakini tupeleke vijana wawili kujifunza. Likasi ni mji wa migodi na maabara. Mashine kama ile zitaletwa tena, na siku moja ningependa iletwe kwetu tukiwa na mizani mezani na mtu anayejua kuitumia.

Kwa wafadhili wetu neno moja. Najua mizani haipigwi picha nzuri. Chupa kumi za gesi zenye rangi, zimepangwa, zinapendeza zaidi kwenye ripoti. Lakini nimewaambia kosa langu mbele ya wote ili mjue kwamba ripoti nzuri na kazi nzuri si ndugu siku zote. Mkitaka kutuhukumu, msihesabu frigo tulizojaza. Nendeni kwenye vituo vya afya, mkasome karatasi za joto.

Yule muuguzi wa kile kituo yuko hapa leo, amekaa nyuma. Tulimwomba msamaha, akatujibu: "Sawa, lakini mara ya pili muje na kilo." Ni kusema, tuje na mizani.

 Sasa ni zamu ya maswali, halafu kura.